Mwenye Nyumba na Wapangaji Wake

Jina la mtaa wetu limetokana na jangwa, nami nililelewa humo nikiogopa maji. Mgeni asikiapo Jangwani hudhani pana mchanga na ngamia. Mwenyeji hukumbuka Bonde la Msimbazi, ambalo mvua zikizidi hufunika uwanja na barabara, na kugonga milango ya watu usiku. Lugha haikukosea. Jangwa ni uwanda mtupu, pasipo miti wala makazi, wala haikuandikwa popote kwamba uwanda mtupu haufuriki.

Katika mtaa wenye jina hilo, mwaka 2011, niliiweka bahari ndani ya nyumba ya Bibi. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba sita na ukumbi katikati, Bibi akikaa chumba kimoja na wapangaji vilivyobaki. Mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa uani, nilisimamisha tangi la kioo la lita 200 lililoundwa na fundi wa Kariakoo. Humo waliingia viumbe watatu: anemoni mmoja na samaki wawili wa rangi ya chungwa iliyopauka, wenye mstari mweupe uliopita mgongoni kuanzia kati ya macho hadi mkiani. Kijana mzamiaji wa Kigamboni ndiye aliyeniletea. Sikumuuliza aliwatoa mwamba gani, na nilipaswa kuuliza, kwa sababu Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimekuwa hifadhi tangu mwaka 1975.

Anemoni ni mnyama, ingawa kila aliyepita ukumbini alimwita ua. Hana kichwa wala mifupa. Ana mguu mmoja mpana wa kujishikiza mwambani, mdomo mmoja, na minyiri mingi yenye sumu ya kuwasha. Hata jina alilopewa na wataalamu ni la ua, nalo limetoka katika neno la Kigiriki la upepo. Bibi hakutaka Kigiriki. Alitazama jinsi samaki wale wawili walivyojilaza kati ya minyiri ile bila kudhurika, wakamfukuza kila aliyekaribia, hata kidole changu, akasema: “Huyu ndiye mwenye nyumba. Hao wapangaji.” Tangu siku hiyo hayo ndiyo majina yao, na sijapata kusoma mengine yanayowafaa zaidi.

Maana historia ya wawili hawa iliandikwa kwa muda mrefu kana kwamba mpangaji hakuwa na nyumba. Linnaeus alimwainisha samaki mmoja wa kundi hili mwaka 1758. Mwaka 1801 kundi lote likapewa jina Amphiprion, yaani msumeno wa pande mbili, kwa ajili ya meno madogo yaliyo kwenye vifuniko vya mashavu. Samaki wetu wa pwani hii, Amphiprion akallopisos, alielezwa na Bleeker mwaka 1853. Mwaka 1866 Playfair, wakala wa Uingereza aliyekuwa Unguja, alichapisha pamoja na Günther kitabu kizima cha samaki wa Zanzibar. Waliofanya kazi hiyo ya kuainisha walikuwa watu makini, lakini kwa kawaida samaki aliwafikia akiwa amekufa, ndani ya chupa ya spiriti, na katika spiriti msumeno huonekana vizuri kuliko ujirani. Anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuandika kitaalamu juu ya samaki wanaoishi ndani ya anemoni ni Mwingereza Cuthbert Collingwood, mwaka 1868, baada ya safari katika bahari ya China. Kati ya jina na nyumba ilipita miaka 110. Mzamiaji wa Kigamboni asingeihitaji. Kwake samaki yule hana anwani nyingine.

Kodi nayo ilichelewa kufahamika. Samaki hulindwa na minyiri, kwa msaada wa ute unaofunika mwili wake. Naye huwafukuza samaki wanaokuja kuitafuna minyiri hiyo, na kinyesi chake hurutubisha mimea midogo sana iishiyo ndani ya mwili wa anemoni na kumtengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga. Ndani ya kila anemoni jike ndiye mkubwa, wa pili ni dume lake, na wengine wadogo hungoja zamu. Jike akifa, dume hugeuka jike. Mwaka 1979 Hans Fricke alichapisha utafiti kuhusu mageuzi hayo kwa samaki huyu huyu mwenye mstari mgongoni. Filamu maarufu ya mwaka 2003 kuhusu baba anayemtafuta mwanawe haikuthubutu kufika huko. Kwa sheria za mwambani, baba yule alikuwa njiani kuwa mama.

Neno akwariamu lenyewe ni geni katika kazi hii. Kwa Kilatini lilimaanisha mahali pa kunyweshea ng’ombe, hadi Philip Henry Gosse alipolieneza mwaka 1854 kwa maana tuijuayo. Lakini yule ninayemhusudu alikuwa amekwisha kuanza kabla yake, wala hakuwa na akwariamu. Mwaka 1828 Sir John Dalyell alitoa anemoni mmoja kwenye miamba ya North Berwick, Uskoti, akamweka katika chupa ya kioo. Alimbadilishia maji ya bahari na kumlisha vipande vya kome. Dalyell akafa mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na mtu mwingine, kisha mwingine, akizaa watoto kwa mamia, akiitwa Bibi kwa lugha yao, hadi alipokufa mwaka 1887. Hapakuwa na umeme, wala pampu, wala taa. Palikuwa na mtu wa kubeba maji.

Nilipokisoma kisa hicho nilijiona nimepata rafiki wa kazi. Mimi pia nilibeba. Nilivuka kwa pantoni na madumu ya lita ishirini, nikayajaza ufukweni Kigamboni, nikarudi nayo kwa mkokoteni nikichekwa na wapagazi wa Kariakoo, ambao hawakuwahi kuona mtu akilipia maji ya bahari. Joto la ukumbini lilipopunguza maji ya tangi, niliongeza mengine ya bahari. Wiki ya tatu mwenye nyumba alijikunja kama ngumi.

Mpangaji mmoja wa Bibi, mzee aliyepata kufanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, alichovya kidole tangini, akaonja, akatema. “Bwana mdogo, unatengeneza chumvi. Maji hupanda, chumvi hubaki. Kinachopotea ni maji baridi. Rudisha maji baridi.” Nilikuwa tayari kumimina ndoo ya kisima, nayo Dar es Salaam tunayaita maji ya chumvi pia. Mzee akanishika mkono: chumvi ya kisimani si ya baharini. Tukatumia maji ya mvua, kata moja moja, na siku ya nne minyiri ilifunguka.

Kilichomshinda mwenye nyumba hakikuwa chumvi. Mwaka ule ulikuwa wa mgawo wa umeme, na mimea iliyokuwa mwilini mwake haikuwa na mwanga mwingine ila taa yangu. Yule wa Uskoti hakuwa na mimea hiyo, ndiyo maana chupa ilimtosha. Nilichukua mfano wake bila kuuliza alikuwa wa namna gani. Wangu alipauka, akahama pembe hadi pembe akitafuta jua, kisha mdomo wake ukabaki wazi na maji yakaanza kunuka. Nilimtoa kwa mikono miwili kabla sumu haijawamaliza wengine. Hakuwa mzito kuliko kitambaa kilicholowa. Kwa mwamba aliong’olewa, alikuwa na umri ambao sikujua kuuhesabu, na nilimmaliza kwa miezi.

Bibi aliweka kigae cha mtungi mahali pake. Kwa siku mbili wapangaji walielea wakikikwepa; siku ya tatu wakaingia. Niliona aibu kwa jinsi walivyokisugua mbavu zao, kana kwamba kingewajibu.

Desemba ile Msimbazi ulikuja. Siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha hadi bonde likajaa, na Dar es Salaam ikapoteza watu zaidi ya 40. Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu. Maji yaliishia barazani. Ndani tuliwapokea majirani wa bondeni, watoto wamelala juu ya meza, magodoro yamerundikwa. Umeme haukuwapo na pampu ilikuwa kimya. Nilisimama karibu na tangi nikichota maji yake kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, ili yapate hewa, nikiona haya kuhangaikia samaki wawili usiku ambao watu walikuwa wakitafuta watu.

Mama mmoja aliyelowa, ambaye hakuwa na kitu mkononi ila ufunguo wa mlango usiokuwapo tena, alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanikemea. Akauliza kama wanakufa. Nikamwambia hewa ikiisha watakufa. Akauweka ufunguo juu ya tangi, akaniomba kata, na akachota hadi alfajiri, Bibi alipoamka na kusema zamu ni yake.