Mji wa Kivuko: Wallingford na Faida za Kupitwa

Mwanzoni mwa karne ya 10, makarani wa wafalme wa Wessex waliorodhesha maboma yaliyoilinda nchi yao dhidi ya Wadani. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila haidi moja, kipimo cha ardhi cha zama hizo, itoe mtu mmoja, na kila mita tano hivi za ukuta zisimamiwe na watu wanne. Wallingford, mji mdogo ulioko ukingo wa magharibi wa Mto Thames, kusini mwa Oxford, uliandikiwa haidi 2,400, sawa na Winchester, makao makuu ya wafalme wenyewe. Watu 2,400, wanne kwa kila mita tano, ni ukuta wa karibu kilomita tatu. Tuta la udongo la Wallingford bado lipo, na katika uwanja wa Kinecroft mtu hulipanda na kushuka upande wa pili hadi kwenye handaki bila kuhitaji ramani. Lakini tuta hilo lina pande tatu tu, na pande hizo hazifiki kilomita tatu. Ili kuikaribia hesabu ya makarani ni lazima kuujumlisha na ukingo wa mto. Kwa walioujenga mji huu, basi, Thames ulikuwa upande wa nne wa boma.

Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu inakwenda kinyume na namna tuliyoizoea ya kuieleza miji midogo ya kando ya mito ya Uingereza. Masimulizi ya kawaida huufanya mto kuwa mama: umeuzaa mji, ukaulisha kwa biashara, na sasa unaupamba kwa mashua na mierebi. Wallingford haukulelewa hivyo. Mji huu uliishi kwa watu waliolazimika kuuvuka mto na hawakuwa na pengine pa kuvukia kwa urahisi. Ulinzi wake, masoko yake na heshima yake vyote vilisimama juu ya ulazima huo. Ulazima ulipokwisha, mji ulinywea, na huo mnyweo ndio uliotuachia Wallingford tunaousifu leo.

Nguvu ya kivuko ilionekana wazi mwaka 1066. Baada ya ushindi wake Hastings, William wa Normandy hakuingia London moja kwa moja. Alizunguka kwa upande wa kusini na magharibi, akavuka Thames Wallingford, na hapo ndipo Askofu Mkuu Stigand alipokuja kumtii. Muda si mrefu mfuasi wake Robert D'Oyly akajenga ngome kwenye kona ya kaskazini-mashariki, jirani na kivuko. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinataja viwanja vya nyumba 276 vilivyomlipa kodi Mfalme Edward, aliyetawala kabla ya William, kisha kinaongeza kwa ukavu wa karani kwamba vinane vilivunjwa kupisha ngome. Wenye nyumba hizo hawatajwi, na hakuna neno lolote kuhusu fidia.

Ngome hiyo ilikuja kuamua mambo makubwa kuliko mji wenyewe. Katika vita vya kugombea kiti kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Matilda, Wallingford ulishikwa na Brian FitzCount, mfuasi wa Matilda asiyetetereka. Matilda alipotoroka Oxford uliozingirwa, Desemba 1142, akipita juu ya theluji na barafu, ni huku alikokimbilia. Mwaka 1153 majeshi ya Stephen na ya Henry, mwana wa Matilda, yalisimama yakitazamana ng'ambo hii na ile ya mto, na makabaila wa pande zote mbili wakakataa kupigana. Mazungumzo yaliyoanzia hapo yalizaa mapatano ya mwaka huohuo: Stephen aendelee kutawala maisha yake yote, Henry amrithi. Mwaka 1155 Henry, sasa mfalme, aliulipa mji kwa hati ya haki za kibiashara. Mji wenye ngome, hati, soko na makanisa ya parokia zaidi ya kumi ungetazamiwa kukua. Haukukua.

Wapo wanaoitwika tauni ya mwaka 1349 mzigo wote. Sikubaliani nao. Tauni ilipiga kila mahali, na miji mingi ilijikongoja ikasimama tena. Kilichouzuia Wallingford kusimama kilijengwa kwa mawe, kilomita chache juu ya mto. Mwaka 1416 wakazi wa Abingdon walianza kujenga madaraja kwao na kwa jirani zao wa Culham, na njia kuu iliyotoka London kwenda Gloucester ikahamia huko. Msafiri hakuwa na sababu tena ya kulala Wallingford. Parokia zilianza kufa moja baada ya nyingine. Leo yamebaki majengo matatu ya makanisa ya kale, na moja kati yake, la Mtakatifu Petro, halina tena ibada ya kawaida.

Pingamizi lenye uzito kuhusu hoja yangu ni kimea. Katika karne ya 18 Wallingford ulitengeneza kimea kwa wingi na kukipeleka London kwa matishali, na nyumba kadhaa nzuri za matofali mekundu zilijengwa kwa fedha hiyo. Ni kweli, mto ulilisha. Lakini ulilisha kwa kuchelewa na kwa masharti. Kwa karne nyingi sehemu ya Thames iliyo juu ya Henley ilikuwa shida kupitika, kwa kuwa wenye vinu vya maji waliuziba mto na kufungua vizuizi vyao walipopenda, huku tishali likisubiri. Wallingford haukuwa bandari ya peke yake pia; kila mji wa ukingoni ungeweza kupakia kimea. Biashara hiyo iliufanya mji upumue, haikuurudishia ukubwa wake.

Kisiasa mji uliendelea kuvaa joho la marehemu. Ulipeleka wabunge wawili hadi mwaka 1832, idadi isiyolingana hata kidogo na watu wake, na kura zake zilikuwa na bei inayojulikana. Mwanasheria William Blackstone, ambaye vitabu vyake kuhusu sheria za Kiingereza vilisomwa popote sheria hizo zilipofika, Afrika Mashariki ikiwemo, alikuwa hakimu wa mji huu na amezikwa katika kanisa hilohilo la Mtakatifu Petro. Ngome nayo ilikuwa imekwisha. Katika vita vya mfalme na Bunge ilikuwa miongoni mwa za mwisho kusalimu amri, Julai 1646, na mwaka 1652 Bunge likaamuru ibomolewe.

Reli ilirudia somo la Abingdon. Njia kuu ya Great Western ilipita pembeni mwaka 1840, na tawi lililofika mjini mwaka 1866 lilikusudiwa kuendelea hadi Watlington lakini halikuvuka Thames kamwe. Mji uliozaliwa na kivuko ukawa mwisho wa reli.

Hasara hiyo ndiyo inayoonekana leo kama uzuri. Ndani ya tuta la kale kuna viwanja viwili vikubwa vya wazi, Kinecroft na Bullcroft. Bullcroft ulikuwa na nyumba ya watawa wa Kibenediktini. Mji uliostawi ungekwishajaza nafasi hizo kwa nyumba na maghala, na tuta lingesawazishwa zamani. Wallingford haukuwa na sababu ya kujenga. Ninapowasikia wenyeji wakisifu busara ya mababu zao waliohifadhi urithi, nakumbuka kwamba mababu hao walikuwa wamekosa wapangaji.

Daraja la zamani ndilo linalolieleza jambo hili kwa ufupi. Lina urefu wa karibu mita 275, na matao yake mengi hayako juu ya maji bali juu ya malisho ya ng'ambo, yakisubiri mafuriko. Mafuriko ya mwaka 1809 yaliliharibu, na matao matatu yakajengwa upya. Lilipopata mwenzake upande wa kusini mwaka 1993, kwa ajili ya barabara ya mchepuko, malori yalipungua katikati ya mji, na safari hii kupitwa kuliombwa na wenyeji wenyewe! Soko la Ijumaa bado lipo. Jengo la soko la nafaka la mwaka 1856 sasa ni ukumbi wa maigizo wa kikundi cha Sinodun Players, ambacho Agatha Christie alikuwa rais wake kwa miaka mingi. Mwandishi huyo aliishi Winterbrook, kusini mwa mji, kuanzia mwaka 1934 hadi kifo chake mwaka 1976, na inaelekea alichokifuata ni utulivu uleule ambao wafanyabiashara wa karne ya 15 waliukimbia. Tangu 2023 sanamu yake ya shaba imeketi kwenye benchi karibu na Kinecroft. Wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford nao wana banda lao hapa, kwa sababu mto ni mpana na una nafasi.

Ng'ambo ya daraja, Crowmarsh, kuna jambo ambalo msomaji wa Kisumu au Mwanza ana haki ya kulijua. Eneo la Howbery, ambako Jethro Tull anasifika kuunda mashine yake ya kupandia mbegu, limekuwa na kituo cha utafiti wa nguvu za maji tangu mwaka 1951, na jirani yake ikajengwa Taasisi ya Haidrolojia. Mkurugenzi wake wa mwanzo, James McCulloch, alikuwa ametoka Muguga, Kenya, ambako alishiriki katika utafiti wa vyanzo vya maji vya Kericho, Kimakia na Mbeya, uliouliza maji hupungua kiasi gani msitu wa asili unapofyekwa kupisha chai, misonobari au mashamba. Wataalamu wa taasisi hiyo ndio pia waliochambua mizania ya maji ya Ziwa Victoria baada ya kina chake kupanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964. Thames haukuwa na sehemu katika hesabu hizo. Vipimo vya mvua vilitoka Entebbe, Bukoba na Kisumu, na Wallingford, kama kawaida yake, ulikuwa mahali vilipopitia.