Chuka 1953: Mizani Mbili za Sheria

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru utapita Chuka. Tumeipita mara ngapi bila kuuliza kilichotokea pale Juni 1953?

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Toka hapo sheria ikawataja watu kwa kabila: Mkikuyu, Mwembu na Mmeru. Hao ndio waliotakiwa wawe na vibali vya kutembea. Hao ndio waliokusanywa Nairobi kwa maelfu kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wengi wakatiwa kizuizini bila kumwona hakimu.

Sasa turudi Chuka. Kikosi cha jeshi la KAR, chini ya maofisa Wazungu, kiliingia kuwasaka Mau Mau waliodhaniwa kujificha msituni. Kwa siku chache kikaua watu 20 wasio na silaha. Na wengi wao, subhanallah, walikuwa homgadi, yaani walinzi wa upande wa serikali yenyewe! Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo.

Mkuu wa kikosi, Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa mauaji mengine. Novemba 1953 mahakama ya kijeshi ikamwachilia. Mwaka 1954 akarudishwa mahakamani kwa kuwatendea mateka ukatili, akapewa miaka mitano.

Miaka mitano. Wakati huohuo Mwafrika akipatikana na risasi moja tu mfukoni angeweza kunyongwa. Walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau walikuwa 1,090. Na hata kesi hazikusikizwa sawa: Mzungu alikuwa na haki ya juri, yaani raia Wazungu wenzake walioketi kuamua kama ana hatia. Mwafrika alipewa wazee washauri, ambao jaji hakulazimika kuwasikiza. Ilibidi ingojewe mpaka Agosti 1960 ndipo Mzungu wa kwanza, Peter Poole, akanyongwa kwa kumuua Mwafrika.

Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa enzi hizo. Hao ni waliobaki hai wakasimulia.

Kama una babu au nyanya upande wa Chuka au Runyenjes, mkishafuturu keti naye umuulize. Beba kalamu na daftari.