Bei ya Msimamo: Mjadala wa Uraia Tanganyika, 1961

Oktoba 1961, wiki chache kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa, Bunge la Tanganyika lilikutana Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kujadili muswada wa uraia. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: je, Mhindi mwenye duka na Mzungu mwenye shamba la mkonge wawe raia sawa na Msukuma na Mmakonde, au uraia uwe wa Waafrika peke yao? Baadhi ya wabunge wa TANU, chama kilichoshika viti 70 kati ya 71, walitaka hilo la pili. Muswada haukujali rangi. Aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmojawapo akazaliwa nchini, angekuwa raia papo hapo. Wengine waliostahili wangepewa miaka miwili ya kuomba.

Spika wa Bunge hilo alikuwa Abdulkarim Karimjee, mtu wa familia ileile ya Kihindi iliyoupa ukumbi jina. Kwa maneno mengine, mbunge aliyetaka kuwanyima Wahindi uraia alilazimika kwanza kumwomba Mhindi ruhusa ya kusema.

Kwa hesabu za kura, mambo yalikuwa wazi. Wasio Waafrika hawakufika asilimia 2 ya wakazi wote, ilhali biashara, mashamba makubwa na vyeo vya juu serikalini vilikuwa mikononi mwao kwa kiasi kikubwa. Kinyongo cha wananchi kilikuwa na sababu zake, na mwanasiasa wa kukipalilia hakuwa na cha kupoteza. Julius Nyerere, waziri mkuu, alikwenda kinyume. Aliwafananisha waliotaka uraia wa rangi na wafuasi wa Hitler, kisha akawaambia wabunge wapige kura kwa uhuru wao, ila muswada ukianguka serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Huo ni msimamo au mabavu? Swali ni halali. Kiongozi anayependwa kama alivyopendwa Nyerere, akitishia kuondoka wakati uhuru uko mlangoni, anawaachia wenzake nafasi finyu ya kukataa. Hata hivyo alichokiweka rehani kilikuwa cheo chake mwenyewe, na tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya uhuru, alikiacha kweli: alimkabidhi Rashidi Kawawa uwaziri mkuu, akarudi kukijenga chama. Wapo wanahistoria wanaokuhusisha kujiuzulu huko na manung'uniko ndani ya TANU juu ya mwendo wa kuwapa Waafrika kazi za serikali. Ikiwa ni hivyo, basi bili ya Oktoba ilifika mapema.

Lakini msimamo peke yake si sifa ya kutosha, na hapa ndipo Zuberi Mtemvu anapostahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU ilikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu. Ulikuwa utaratibu wa ajabu: mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na asipotimiza watatu kura yake haihesabiwi. Nyerere aliona kuususia uchaguzi huo ni kuwaachia wapinzani uwanja. Mtemvu aliona kuukubali ni fedheha. Akatoka TANU, akaanzisha chama chake cha African National Congress, akishikilia kwamba Afrika ni ya Waafrika. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere: alipata kura 21,276, mwenzake 1,127,978. Wanasiasa wa zama zetu wanaohama chama wakisema wanakwenda "kuunga mkono juhudi" huhamia kwenye kura, Mtemvu alizihama. Kwa ujasiri hakuwa nyuma ya Nyerere hata hatua moja. Alichokosea ni kile alichokiamini.

Kwa hiyo kumsifu mwanasiasa kwa kuwa hatetereki hakutoshi. La kuuliza ni nani analipia imani yake, na kama anayelipishwa ana namna ya kukataa.

Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, unatoa jibu la kuvutia. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma achague. Kinondoni ilimchagua Derek Bryceson, Mzungu. Morogoro ilimchagua Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi. Waliowachagua, kwa wingi wao, walikuwa Waafrika walewale ambao miaka minne nyuma baadhi ya wabunge walidai kuwasemea. Anayefukuzia kura hufukuzia picha ya mpiga kura aliyoichora kichwani, na picha hiyo mara nyingi humdharau mpiga kura kuliko anavyostahili.

Ubaya ni kwamba imani ileile, ikiondolewa hatari, hugeuka. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji vya ujamaa sasa ni amri. Aliuamini ujamaa kama alivyouamini uraia usio na rangi, pengine zaidi. Safari hii waliowekwa rehani walikuwa wakulima: familia zilihamishwa kwa malori, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1965 watu wa Mwanza waliweza kumwangusha Paul Bomani, waziri wa fedha, kwa kuweka alama kwenye karatasi. Mkulima aliyehamishwa, alipokwenda kupiga kura mwaka 1975, alikuta kwenye karatasi ya urais jina moja, na sehemu mbili za kuweka alama: ndiyo na hapana.