Mti wa Shambani Mwako ni wa Nani?

Kabla serikali haijamkataza Msukuma kukata mti, ilimwamuru aukate. Katika miaka ya 1920, chini ya C. F. M. Swynnerton, mtafiti wa mbung'o aliyeweka kituo Shinyanga, machifu waliwatoa watu kufyeka vichaka ili mdudu huyo akose kivuli. Wakafyeka kweli. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea, kuni zikaanza kufuatwa mbali. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikamalizia kazi: waliohamishwa waliziacha ngitili zao, yale malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi, na ngitili isiyo na mwenyewe karibu hailindiki. Kufikia 1984, Mwalimu Nyerere aliiona Shinyanga ikigeuka jangwa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Miaka chini ya 20 baadaye zilihesabiwa kuzidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti ya ngitili hizo haikupandwa na mtu. Visiki vilichipua kwa kuachwa.

Nani aliyewafanya watu wayaache machipukizi? Sheria ya Misitu ya 2002 inampa waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa ya kuhifadhiwa, nayo haikatwi bila kibali. Ni sheria nzuri, ila inaangalia aina ya mti, tena ofisi ya kibali iko mjini. Dagashida, baraza la Wasukuma, lilikuwa likiangalia mahali na mtu. Aliyeingiza ng'ombe au shoka katika ngitili ya mwenzake alitozwa mchenya, na Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walihakikisha faini hiyo imelipwa. Mkaidi alitengwa: hakuna wa kumpa moto wala wa kumsaidia msibani. Ukali huo una kasoro zake, na Sungusungu hawakuwa malaika. Lakini ngitili ya familia ilipata ulinzi ambao hati ya shamba peke yake haiwezi kuutoa.

Geita hali ni nyingine. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji 2000, lakini msitu unaliwa zaidi kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Shimo halichimbwi kwenda chini bila matimba, magogo yanayopangwa ukuta kwa ukuta ili udongo usiwafunike watu. Gogo likioza, linabadilishwa. Duara jipya linadai mengine. Mchimbaji aliyetoka mbali atahama mwamba wa dhahabu ukiisha, hivyo kutengwa na kijiji hakumtishi hata kidogo.

Halmashauri zimepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu 1982. Za Geita zisiishie kumfukuza mwenye shoka porini. Zimbane anayenunua matimba mdomoni mwa duara, aonyeshe kibali cha kila gogo kabla halijashushwa shimoni.