Kalibu ya kukuzia fuwele

Kalibu ya kukuzia fuwele ni chombo kinachostahimili joto kali ambamo kipitishi nusu, kama vile silikoni, huyeyushwa na kugandishwa polepole kuwa fuwele moja. Fuwele hiyo hukatwa vipande vyembamba vya kutengenezea transista, chipu za kompyuta na paneli za sola.

Anayeyeyusha dhahabu, kwa mfano katika machimbo madogo ya Handeni mkoani Tanga, anahitaji kalibu inayohimili zaidi ya sentigredi 1064 bila kupasuka. Kwa fuwele hilo halitoshi: joto lisipopita kwa mpangilio, atomi hujipanga vibaya na fuwele hupata kasoro.

Silikoni

Silikoni huyeyuka kwenye sentigredi 1414. Kwa njia ya Jan Czochralski, iliyogunduliwa mwaka 1916, fuwele huvutwa juu taratibu kutoka katika kiyeyuko. Kalibu huwa na tabaka mbili:

- Ndani ni kioo cha silika. Hakichafui sana silikoni, lakini hupitisha joto kidogo, takriban wati 1.4 kwa mita kwa kelvini, na hulainika kwenye joto hilo.
- Nje ni kikombe cha kinywe (grafiti). Hufyonza mnururisho wa tanuri, husambaza joto pande zote na kuzuia silika isibonyee.

Kinywe peke yake hakifai kwa sababu kaboni yake huingia katika silikoni. Silika nayo huliwa polepole na kutoa oksijeni. Ukuta ukipata joto kupita kiasi, msafara wa kiyeyuko huongezeka na oksijeni nyingi zaidi huweza kufika kwenye fuwele.

Mada nyingine

Arsenidi ya gali hukuzwa katika nitridi ya boroni, ambayo hupitisha joto vizuri zaidi sambamba na ukuta kuliko kuuvuka. Kabidi ya silikoni hukuzwa kutokana na mvuke, juu ya sentigredi 2000, ndani ya kalibu ya kinywe. Njia ya ukanda unaoelea haitumii kalibu kabisa.

Kinywe cha Tanzania

Tanzania ina kinywe cha asili Mahenge, Ruangwa na Mirerani. Kinywe cha namna hii huchanganywa na udongo wa mfinyanzi kutengeneza kalibu za kuyeyushia metali. Tanuri za fuwele kwa kawaida hutumia kinywe cha kiwandani, kilichosafishwa sana, kwa kuwa hata uchafu kidogo huharibu kipitishi nusu.