Tumbo Moja, Bei Mbili

Mwaka 1977 mtu mmoja wa jimbo la Illinois, Marekani, alipeleka Oldsmobile yake mpya gereji kwa huduma ya kawaida. Fundi akaleta kipuri cha Oldsmobile, kikakataa kukaa. Kipuri hakikuwa na kasoro. Injini iliyokuwa chini ya boneti ndiyo haikuwa ya Oldsmobile. Ilikuwa ya Chevrolet, ndugu wa bei ya chini katika kampuni ileile ya General Motors. Ujazo ulikuwa uleule, lita 5.7, silinda nane zilezile, na barabarani dereva asingeona tofauti. Hata hivyo mwanasheria mkuu wa jimbo aliishtaki kampuni, kesi nyingine zikafuata, na General Motors ikaishia kuwapa wateja dola 200 kila mmoja pamoja na dhamana ya ziada ya injini na gia.

Kinachonivuta katika kesi hiyo ni swali lake. Kama mwenye gari alikuwa akiendesha kwa raha zake bila kuhisi upungufu wowote, alikuwa amepunjwa nini?

Ili kulijibu inabidi kurudi kwa Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors kuanzia mwaka 1923. Henry Ford alikuwa amewauzia Wamarekani gari moja, Model T, na aliamini gari moja linawatosha wote. Sloan aliona vingine. Alipanga majina ya kampuni yake kama ngazi: Chevrolet chini, kisha Pontiac, Oldsmobile, Buick, na Cadillac kileleni. Kijana angeanza na Chevrolet, akipandishwa cheo angehamia Oldsmobile, akiwa meneja angenunua Buick, na jirani zake wangejua amefika wapi kwa kuangalia tu kilichoegeshwa mlangoni. Mwanzoni madaraja hayo yalikuwa na kitu ndani yake. Oldsmobile ilikuwa na wahandisi wake na injini zake, na iliuza injini hizo kwa jina la Rocket. Aliyelipa zaidi alilipia chuma tofauti.

Hesabu za kiwanda ndizo zilizoanza kuila ngazi hiyo. Kutengeneza injini tano zinazofanya kazi moja ni gharama, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 kila senti ilihesabiwa. Ndugu wakaanza kuvaa nguo za kuazimana. Basi yule mtu wa Illinois alipunjwa hivi: alilipia daraja la tatu la ngazi, wakati wenye ngazi walikuwa wameshaling'oa kimyakimya. Kwa maoni yangu dola 200 zilikuwa za kumnyamazisha tu.

Somo halikuwaingia. Mwaka 1981 Cadillac ilitoa gari dogo lililoitwa Cimarron, ili kuwavuta vijana wenye pesa waliokuwa wakikimbilia BMW. Ukilivua gari hilo ngozi ya viti na urembo wa mbele, unabaki na Chevrolet Cavalier. Injini ilikuwa ya silinda nne, lita 1.8, yenye nguvu za farasi 88, na bei ilizidi dola 12,000, maelfu ya dola juu ya nduguye. Wanunuzi wana macho. Walipita kwa muuzaji wa Chevrolet, wakaona milango ileile na kioo kilekile, wakaondoka. Mwaka 1988 gari hilo likazikwa. Ubaya ni kwamba Cimarron ilimchafulia pia mwenye Cadillac kubwa, ya kweli, ambaye sasa alilazimika kujiuliza na yake imejengwa juu ya nini.

Kuna kisa kingine ambacho nakipenda zaidi kwa sababu kinakwenda kinyumenyume. Mwaka 1984 General Motors na Toyota walifungua kiwanda cha ubia mjini Fremont, California. Katika mstari mmoja, mikononi mwa wafanyakazi walewale, yalitoka magari mawili yaliyokuwa pacha hasa: Toyota Corolla, na lingine lililouzwa kama Chevrolet Nova, baadaye Geo Prizm. Hakuna aliyejifanya kwamba moja ni la kifahari. Lakini sokoni Corolla ilipata bei kubwa zaidi, na ikiuzwa mtumba ilishikilia thamani yake vizuri kuliko pacha wake. Chuma kilikuwa kimoja na fundi alikuwa mmoja. Kilichobaki ni jina, na safari hii jina la "watu wa kawaida" ndilo lililoshinda, kwa sababu watu walishaamini kwamba Toyota haiwaachi njiani. Tunaposema mtu amelipia jina, huwa tunamaanisha amejidanganya. Kwa Prizm na Corolla sina uhakika huo. Aliyelipa zaidi akaja kuuza kwa bei nzuri hakupoteza kitu. Aliyekuwa mjanja ni yule aliyenunua Prizm kwa bei ya kutupwa na kukaa nayo mpaka ikafa.

Nasimulia haya yote kwa sababu mwaka jana dada yangu, mwalimu wa sekondari, aliniomba ushauri. Alikuwa amepata mkopo kwenye SACCOS ya walimu, na mbele yake yalisimama magari mawili ya mkononi, yote ya miaka ya mwanzo ya 2000: Toyota Mark II, ile ambayo mtaani tunaiita GX110, na Toyota Brevis. Brevis ilikuwa na viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, na kimya ukifunga mlango. Cha ajabu, Brevis ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo. "Kaka," aliniuliza, "gari zuri linakuwaje rahisi kuliko la kawaida?" Mkopo ule ungekatwa kwenye mshahara wake kwa miaka minne. Halikuwa swali la kujibu kwa mzaha.

Jibu lake linaanzia Japani. Mwaka 1981, kwa shinikizo la Marekani, Wajapani walikubali kujiwekea kikomo cha magari 1,680,000 kwa mwaka katika soko hilo. Ukizuiwa kuongeza idadi, unaongeza bei ya kila kimoja. Honda wakaja na Acura mwaka 1986. Toyota na Nissan wakaja na Lexus na Infiniti mwaka 1989. Lexus LS 400 iliundwa upya tangu chini, kazi ya miaka ya mhandisi Ichiro Suzuki na timu kubwa. Lakini duka la gari moja halijai, kwa hiyo pembeni yake aliwekwa mdogo wake, ES 250, ambaye kwa kweli alikuwa Camry aliyevalishwa suti haraka haraka.

Toyota wangeweza kuishia kwenye Cimarron yao. Hawakuishia huko, na sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1991 walileta ES 300 yenye bodi yake yenyewe, ingawa chini bado ilikuwa Camry na injini ya lita 3.0 ilipatikana kwenye Camry pia. Sababu nyingine haikuwa kwenye gari kabisa. Desemba 1989, baada ya malalamiko machache kuhusu nyaya na taa ya breki ya LS 400, Lexus iliyaita magari 8,000 hivi. Mafundi waliyafuata magari kwa wateja, wakayatengeneza, wakayarudisha, na kazi yote ikaisha kwa siku 20. Mteja aligundua kwamba sehemu ya pesa aliyolipa ilikuwa ya watu: wa kupokea simu, wa kumfuata nyumbani, wa kumwazima gari jingine. Kwa huyo mteja wa kwanza, anayeishi karibu na duka la Lexus, nadhani ES ilistahili bei yake juu ya Camry.

Nyumbani Japani, gari hilohilo la ES 300 liliitwa Toyota Windom. Maduka ya Lexus hayakufunguliwa huko mpaka 2005, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo Mjapani alinunua Lexus yenye nembo ya Toyota bila kinyongo. Wajapani walikuwa na ngazi yao ya namna nyingine. Toyota ilikuwa na mitandao kadhaa ya maduka, na kila mtandao ulitaka gari la kuuza; ndiyo maana bodi moja ilitoka na majina matatu, Mark II, Chaser na Cresta. Chaser ilikuwa ya wapenda mwendo, Cresta ya wazee watulivu, Mark II ya kati.

Magari hayo yalipochoka huko yalipakiwa melini, yakashuka Dar es Salaam na Mombasa, na hapo watu wetu wakafanya jambo ambalo wataalamu wa biashara wa Toyota hawakulitarajia. Waliyapa yote jina moja. Fundi wa Dar es Salaam akiulizwa hasemi Chaser wala Cresta. Anasema GX100, namba ya chesisi. Majina matatu yaliyobuniwa kwa gharama kubwa yalifutwa na mtu anayetafuta spea Gerezani, ambaye anataka kujua jambo moja tu: hiki kinaingia kwenye kile? Kila nikifikiri, naona hilo ndilo jibu zuri zaidi kwa kesi ya Illinois.

Hapo ndipo nilipoanzia na dada. Nilimwambia gari la kifahari huuzwa mara ya kwanza likiwa na vitu viwili ndani: vile vinavyoonekana, na ile huduma. Likivuka bahari, huduma inabaki ng'ambo. Ngozi na mbao zinakuja. Na kinakuja kitu cha tatu ambacho tangazo halikitaji, yaani ugumu wa mitambo. Brevis ilitoka kiwandani na injini za D-4 za lita 2.5 au 3.0, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Zikiwa mpya, kwa mafuta safi, ni injini tamu. Zikizeeka, masizi hujaa kwenye vali za kuingizia hewa kwa sababu petroli haipiti tena hapo kuziosha, na pampu ikifa si kila fundi anayeigusa. GX110 ile ilikuwa na 1G, silinda sita, lita 2.0, ya mpango wa kizamani, ambayo kijana yeyote chini ya mwembe anaijua. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini spea za gari la kifahari hubaki na bei ya kifahari hata gari lenyewe likifikia bei ya bajaji. Soko la mtaani lilikuwa limeshapiga hesabu hizo kabla yetu, ndiyo maana Brevis ilikuwa rahisi.

Sikumwambia Brevis ni gari baya. Nililiendesha, na hata leo nakumbuka kile kimya. Ningekuwa na kipato cha kuhimili pampu moja na safari chache za kituo cha mafuta, ningelichukua bila kuona haya, kwa sababu starehe iliyolipiwa na mtu mwingine zamani ni starehe vilevile. Dada yangu hakuwa na kipato hicho kwa miaka minne ijayo. Alichukua GX110 yenye viti vya kitambaa, akaishona vitambaa vipya yeye mwenyewe.

Brevis haikukaa hata wiki mbili pale ilipoegeshwa. Muuzaji alituambia imechukuliwa na fundi mmoja ambaye tayari alikuwa na pampu ya akiba gereji kwake.