Lucky Dube: reggae ilimtupa, hakurudi nyuma

Wadau, wengi tunamjua Lucky Dube kwa Slave (1987) na Prisoner (1989). Ila mwanzo wake kwenye reggae haukuwa mteremko hata kidogo.

Alizaliwa 3 Agosti 1964 huko Ermelo, Afrika Kusini, akalelewa na bibi yake. Alianza na mbaqanga, muziki wa Kizulu, na ulikuwa unamlipa. Mwaka 1984 akageukia reggae kwa Rastas Never Die. Kazi ikadoda sokoni, halafu serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Mwingine angerudi mbaqanga fasta. Jamaa akakomaa, 1985 akatoa Think About the Children, hiyo ikauza. Kilichofuata mnakijua, Afrika nzima ikamwimba. Hapo ndipo ninapompa tano.

Albamu yake ya mwisho ni Respect (2006). Usiku wa 18 Oktoba 2007 alikuwa anawapeleka watoto wake Rosettenville, Johannesburg. Majambazi waliotaka gari lake wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 43 tu. Mwaka 2009 watu watatu walihukumiwa kifungo cha maisha.

Makaburu walishindwa kumnyamazisha, majambazi wa mtaani wakamuua. Inauma. Nyie albamu gani yake inawakosha?